Mkifika Serengeti, Msimkimbilie Simba

Ukimtajia mtu Serengeti, haraka haraka atakuambia simba. Wapendanao nao ndiyo usiseme: geti hawajalipita, picha ya kuwarusha roho marafiki wameshaipanga. Si vibaya. Lakini, mpenzi msomaji, kama unakwenda na mwenzi wako, nakushauri kabla ya simba mpitie Kituo cha Wageni cha Seronera, katikati ya hifadhi. Wengi hukitumia kwenda msalani na kula chakula cha kwenye boksi, kisha haooo, wanaondoka. Uhondo wanauacha nyuma.

Kwa nini hapo?

Kwanza, hapo mnaruhusiwa kushuka. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na karibu kote humo hutakiwi kutoka garini. Si unajua tena, wenye nyumba wana meno. Mtashinda mmekaa, mmoja dirisha hili, mwingine lile, na dereva masikio wazi. Mkinuniana, mtanuniana hadi jioni. Kituoni kuna njia ya miguu inayozunguka majabali, kuna vibao vya maelezo, kuna na vivuli vya kupumzika. Mnatembea bega kwa bega, na mnaweza kuongea bila mtu wa tatu.

Mimi na mume wangu tulilihitaji sana hilo. Wakati huo yeye alikuwa akifanya kazi Mwanza, mimi Dar. Tulionana wikiendi mbili kwa mwezi, na karibu kila moja iliisha kwa ugomvi: mara simu haikupokelewa, mara nauli, mara nani kachelewa stendi. Vitu vidogo vidogo, lakini vilikuwa vimetufikisha mahali pa kuulizana kama ndoa bado ipo. Tukaomba likizo ya siku nne, tukaingia hifadhini kwa geti la Ndabaka. Baada ya zaidi ya kilomita 100 za vumbi, tulifika Seronera tukiwa hatujaongea la maana.

Wapangaji wa jabali moja

Wa kwanza kutupokea walikuwa pimbi, wamejianika juu ya mawe kama wastaafu barazani. Ukiwaona utadhani ni panya wakubwa, kumbe ndugu zao wa karibu ni pamoja na tembo! Serengeti kuna aina mbili za pimbi wanaoweza kuishi kwenye nyufa za jabali moja, wakilala pamoja na kupashana joto asubuhi. Chakula hakiwagombanishi sana, kwa sababu mmoja hupenda zaidi nyasi za chini na mwingine majani ya vichaka na miti.

"Mke wangu, hawa wamegawana vizuri kuliko sisi," mume wangu akasema. Nikacheka, mara ya kwanza tangu Mwanza.

Adui wa nyumbu

Kilichotukalisha chini hasa ni swali la askari mmoja wa hifadhi tuliyemkuta pale. "Haya kaka, na wewe dada, niambieni. Zamani ni nini kilichowazuia nyumbu kuongezeka?"

"Simba," mume wangu akajibu.

"Hapana. Ugonjwa wa ng'ombe."

Ugonjwa wenyewe ni sotoka. Uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaangamiza ng'ombe wa wafugaji na wanyamapori wengi. Miongo mingi baadaye nyumbu walikuwa bado wanaambukizwa na ndama wao wanakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000 tu. Kisha ng'ombe wa maeneo ya jirani wakachanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takriban milioni 1.3. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani kote.

Hebu angalia hapo. Nyumbu hakuchomwa sindano. Aliyechanjwa ni ng'ombe, nje ya hifadhi, na nyumbu akapona.

Tulikaa kivulini zaidi ya saa nzima. Mume wangu ndiye aliyeanza: "Hivi sisi sotoka yetu iko wapi?" Tukaihesabu. Simu haikuwa tatizo, shemeji hakuwa tatizo, wala hakuna aliyempata mwingine. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunakutana tumechoka, akaunti zimekaushwa na nauli, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme nani aache kazi yake. Siku hiyo ikasemwa: miezi sita ya kuomba uhamisho, wote wawili, na atakayepata wa kwanza ndiye anahama. Nikapata mimi. Haikuwa rahisi, nilipoteza cheo, lakini leo tunagombana tukiwa nyumba moja, na kesho yake tunaamkiana.

Sisemi kila penzi linaponea nje. Kama ndani kuna vipigo au usaliti, usisingizie kazi wala nauli. Ila kama ni ugomvi mdogo usiokwisha, jaribuni kuchungulia nje ya uzio.

Mkiamua kwenda

Januari hadi Machi nyumbu wengi huwa kusini, kwenye nyasi fupi za Ndutu, wakizaa. Julai hadi Oktoba wengi huwa kaskazini, kwenye mto Mara. Seronera yenyewe ina wanyama mwaka mzima. Kwa mnaopitia Ndabaka, gari liwe la magurudumu manne yanayovuta, maana mvua ikinyesha udongo mweusi wa huko hautanii. Nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani, zinawavuta mbung'o. Pangeni pia muda vizuri, kwa kuwa usiku hairuhusiwi kuzurura na gari hifadhini.

Kituoni jipeni saa mbili, simu mfukoni. Mwambieni dereva akapumzike. Simba mtamwona tu, na msipomwona, ya kuongea mtakuwa nayo.