Kazi ya mpishi wa nyumbani: kabla hujashika mwiko, shika karatasi

Kuna vijana wengi huku Mwera wananiuliza, "Eti kaka, kupika kwa watu kunalipa?" Nimeona nijibu kwa wote.

Kunalipa, ila kuna mtego, nami ulininasa.

Mpishi wa nyumbani si sawa na mpishi wa hoteli. Hotelini mgeni anakula anaondoka. Nyumbani unapikia watu walewale kila siku, basi lazima ujue nani hali pweza, nani ana kisukari, mtoto gani akila kamba anavimba mdomo. Haya uliza siku ya kwanza, usisubiri aumwe. Halafu soko. Samaki wa ngalawa hana risiti, kwa hiyo uwe na daftari: changu kiasi gani, nazi ngapi, chenji ngapi. Andika palepale, na jioni mwenye nyumba aone. Wapishi kibao wameitwa wezi kwa kukosa daftari tu.

Sasa mtego wenyewe. Mimi niliajiriwa kwa mdomo, kupika tu. Mwezi wa pili nikaongezewa kufua. Wa tatu, kumwagilia bustani na kulala getini mlinzi akiwa likizo. Mshahara uleule. Siku niliyouliza, nikaambiwa nifungashe, na hela ya mwezi ule sikupewa. Nikarudi nyumbani kimya, nikijua sina karatasi, sina kesi.

Kumbe nilijidanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatuhusu na sisi wa majumbani. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mkifikishana mbele ya sheria naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlichopatana ni wake, si wako! Tena unayelipwa kwa mwezi, ukishapita mwezi wa kwanza, kukuachisha kunataka notisi ya siku 28.

Mengine ya kukariri:

- Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Zikizidi ni ovataimu, mara moja na nusu. Mpishi anaamkia chai na kumalizia vyombo vya usiku, kwa hiyo hesabu saa zako.
- Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.
- Likizo ya mwaka siku 28 yenye malipo.
- Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kilikuwa sh. 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 250,000. Viwango hubadilishwa, ulizia vya karibuni kabla hujapatana.

Ukidhulumiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ila uwahi: kama umeachishwa kazi una siku 30 tu, madai mengine siku 60. Mimi nilikaa nyumbani miezi, nikachelewa kwa ujinga wangu. Chama cha CHODAWU nacho kinapokea wafanyakazi wa majumbani.

Sasa hivi nikiitwa, iwe Ushongo au ng'ambo ya mto Pangani mjini, nabeba kijikaratasi: napikia watu wangapi, milo mingapi, wageni wakija inakuwaje, nani anafua, siku gani napumzika. Tunasaini wote, kila mtu na nakala yake. Kuna waliokataa, nikarudi zangu. Waliokubali, tumekaa kwa heshima.

Wazazi wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho nalo ni mali, jamani.

Nawakilisha. Wapishi wenzangu, ninyi mlipatana vipi? Mwageni uzoefu hapo chini.