Harusi ya Minneapolis kwenye televisheni ya Isiolo

Mji wa Isiolo si mkubwa, lakini jamaa zake wametapakaa duniani. Wapo Wasomali Waisahakia, ambao wazee wao walikuwa askari wa Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza wakapewa makao hapo baada ya vita. Hao wana nasaba na watu wa Cardiff na London. Wapo Waborana na wengineo ambao watoto wao wako Toronto na Minneapolis. Basi kabla ya simu za siku hizi kuleta picha kiganjani, harusi ikifungwa ng'ambo ilifika Isiolo ndani ya mkoba wa msafiri: DVD moja, imeviringwa katika kitambaa, pamoja na manukato na dawa za shinikizo la damu.

Nyumba nzima hukusanyika. Deki huwashwa, DVD hutiwa, bismillahi husomwa, na hapo ndipo vituko vianzapo. Picha hutoka haina rangi, kisha hupanda juu mfululizo kama ndoo itolewayo kisimani, bwana harusi miguu yake iko juu ya kioo na kilemba chake chini. Wazee huuliza kama huko Marekani ndiko waozeshavyo hivyo.

Hayo hayakuwa mashetani, wala deki haikuwa mbovu. Televisheni, msomaji wangu, haina tofauti kubwa na shairi: ina mishororo yake na mizani yake. Ile ya zamani ya Kenya, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1962, ilikuwa na mistari 625, na ilipotiwa rangi ikafuata utaratibu wa PAL uliobuniwa na Mjerumani Walter Bruch: picha 25 kwa kila sekunde. Wamarekani walikwisha jiamulia wao mapema, na rangi zao za NTSC zilipitishwa mwaka 1953: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Asili ya tofauti hiyo ni umeme, kwani wa kwetu na wa Ulaya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Wafaransa nao wakaleta SECAM yao, na Saudia ikawafuata kwa muda mrefu. Wazee wa Mombasa watakumbuka kanda za video zilizotoka Jeddah zikafika Pwani hazina rangi hata chembe.

Sasa chukua televisheni iliyofunzwa mistari 625, uisomee 525 kwa kasi nyingine. Itababaika, kama vile mwimbaji aliyezoea utenzi akapewa shairi la mizani kumi na sita aliimbe papo hapo.

Nikiwa hapo kwenye mizani, nitie neno moja. Sinema za senema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Ili ziingie katika PAL, zilikuwa zikiharakishwa kidogo zifike 25, hata filamu ya dakika 100 ikamalizika kwa dakika 96, na sauti za waimbaji zikapanda. Wengi hawatambui. Mimi sikio langu hulitambua, na hunikera.

Turudi kwenye DVD. Hizo za harusi zina tatizo hilo moja tu la utaratibu. Zile za dukani zina la pili, nalo ni kufuli. DVD ilipoingia madukani, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, makampuni ya sinema yaliigawa dunia kwa kanda. (Ajabu ya Kiswahili chetu: kanda ni utepe wa video, na kanda ni sehemu za nchi, lugha iliona mbali.) Marekani na Kanada zikawa kanda ya kwanza. Ulaya, Japani, Misri, Afrika Kusini na nchi za Ghuba zikatiwa kanda ya pili. Kenya tukawekwa ya tano, pamoja na Bara Hindi na Urusi. Shabaha ilikuwa sinema itoke Marekani kwanza, iuzwe huko, kisha ije kwetu wakati wao watakapo, pasiwe na mtu wa kuivusha kabla ya hapo. Aliyechora mipaka hiyo hakutazama nasaba za watu. Ndugu wawili wa Lamu, mmoja akihamia Maskati, tayari wako kanda mbalimbali, na filamu aliyoinunua mmoja haikubaliwi na deki ya mwingine.

Haikubaliwi kwa mujibu wa sheria ya kiwanda, lakini Isiolo kuna mafundi. Kijana mmoja mwenye kibanda cha redio karibu na soko alinieleza kwa adabu: "Mzee, hizi deki za Kichina hazina ubaguzi." Nyingi ziliingia nchini zikiwa hazina kufuli kabisa, na zilizokuwa nalo, unafungua mlango wa DVD, unabonyeza tarakimu fulani za rimoti, na kufuli limeondoka. Ama ile picha ipandayo juu, dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya deki ukachagua PAL. Deki yenyewe hutafsiri, na bwana harusi husimama wima. Hivyo nyumba ya bati Isiolo, kwa deki ya bei ya chini kabisa, ikaweza kutazama DVD ya pembe yoyote ya dunia.

Marekani hawakuweza. Deki nyingi zilizouzwa huko zilijua NTSC peke yake. Nani angelidhani?

Bibi mmoja wa Bulapesa alinihadithia ya nyumbani kwake, akaniruhusu niyaandike bila majina. Mwaka 2006 binti yao aliolewa Minneapolis, na baba hakuweza kwenda. Akamwita mpiga picha wa harusi wa hapo mjini, akakaa kwenye kiti, akatoa nasaha na dua, na mwisho akatangaza kuwa ametenga ngamia jike kwa ajili ya mjukuu wa kwanza. DVD ikapelekwa. Deki ya kule ikaikataa, kwani ilikuwa PAL. Binti akaona haya kumwambia mzee kwamba hadiya yake haionekani. Kwenye simu akasema, "Tumeiona, aabo, ahsante sana."

Mjukuu akazaliwa. Baba akangoja binti ataje ngamia, naye hakutaja. Mzee akanyamaza, akajiambia kwamba mtoto amekuwa wa Marekani, ngamia ni kitu duni kwake. Akafariki mwaka 2009 na neno hilo kifuani. Miaka miwili baadaye ndipo kijana mmoja wa nyumba ile alipoitia DVD katika kompyuta, ambayo haijali PAL wala NTSC, na binti akamsikia babake. Akapiga simu Isiolo usiku ule ule. Ngamia alikuwa hai, amekwisha zaa mara mbili.

Nilimuuliza bibi DVD ile iko wapi leo. Iko Minneapolis, na nakala yake iko sandukuni Bulapesa, na hapo nikaingiwa na wasiwasi. DVD za kurekodiwa nyumbani huandikwa kwenye utando wa rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga, na joto ndilo mali ya Isiolo. Televisheni za leo hazina tena ugomvi wa mistari, na matangazo ya mtindo wa zamani yalizimwa Kenya mwaka 2015, lakini sahani za miaka ile zinaendelea kufa kimya kimya mavumbini. Fundi wangu wa sokoni sasa hauzi deki hata moja. Kazi yake ni kuhamisha harusi za zamani kuzitia katika flashi. Nilipokuwa pale palikuwa na wanawake wanne wakingoja, kila mmoja na DVD zake katika mfuko wa plastiki, na mmoja wao zake zilikuwa kumi na saba.