Habari Bila Daftari

Ndugu msomaji, panda daladala yoyote asubuhi utege sikio. Bei ya mafuta itapanda, mkubwa fulani atajiuzulu, majani fulani yanatibu kisukari. Mwulize msimulizi kayapata wapi, atakujibu: "Nimesikia redioni," au siku hizi, "Nimeona kwenye simu." Redio gani? Siku gani? Nani aliyesema? Hapo mazungumzo huisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Habari nazo ni mali. Gazeti la leo, hata likifungiwa maandazi, waweza kulisoma kesho. Neno likishatoka hewani limekwenda. Ndiyo maana inafaa kuwa na daftari dogo la kuandika unayosoma, unayosikiliza na unayotazama.

Jambo hili si geni. Wasikilizaji wa redio za masafa mafupi walilizoea tangu zamani. Waliandika tarehe, saa, stesheni, masafa na mambo yaliyosemwa, kisha wakatuma ripoti ya usikivu. Stesheni iliilinganisha na kumbukumbu zake, na mambo yakioana ilimtumia msikilizaji kadi ya uthibitisho, maarufu kama QSL. Aliyeandika tu kwamba alisikia muziki na habari hakuwa amethibitisha kitu.

Daftari lako litoshe safu nne: tarehe, chombo, jambo lenyewe kwa sentensi moja, na aliyelisema. Safu ya nne ndiyo yenye kazi kubwa. Tuseme Jumatatu shemeji yako anakwambia kitunguu saumu kinatosha badala ya vidonge vya shinikizo la damu. Jumatano unatumiwa ujumbe huohuo na kikundi cha mtaani. Ijumaa mtangazaji anautaja. Kichwani umeshahesabu mashahidi watatu. Lakini ukitaka kujaza safu ya nne, itakubidi uulize. Nawe utakuta shemeji aliusoma kwenye kikundi kilekile, na mtangazaji naye alitumiwa na msikilizaji. Kumbe shahidi ni mmoja, tena hana jina. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa ushahidi wa namna hiyo anaweza kupata kiharusi.

Andika pia habari zinazokuudhi. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliweka orodha ya vitabu alivyosoma tangu 1838 hadi 1860. Katika maelezo ya maisha yake alisema kwamba kila alipokutana na jambo linalopinga mawazo yake aliliandika papo hapo, maana aligundua kuwa mambo ya aina hiyo husahaulika upesi kuliko yale yanayotupendeza. Kwa mashabiki wa vyama vya siasa, na hata wa timu za mpira, hilo ni somo.

Mwisho wa mwezi, kaa uhesabu. Ni habari ngapi zilikuwa na msemaji anayejulikana? Ni ngapi zilitoka upande mmoja tu? Na kiongozi aliyeahidi maji ya bomba, ukiwa na tarehe na maneno yake, hatakuzungusha kwa urahisi.

Sisi watangazaji nasi tutachunga ndimi zetu tukijua kwamba huko nyumbani kuna mtu ameshika kalamu. Anza na taarifa ya habari ya leo usiku.