Duka la Kwenye Simu Liwe kwa Jina Lako

Kolwezi, hapa Kongo, ni mji ambamo mtaa mzima unaweza kuhama. Mwaka 2014, watu wa mtaa wa Kasulo walipopata kobalti chini ya nyumba zao, viwanja viligeuka mashimo. Mwaka 2017 familia nyingi zikahamishwa na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Mtaa wa Cité Gécamines nao umepoteza nyumba kadiri mgodi wa COMMUS ulivyopanuka. Nyumba ikibomolewa, huondoka pia meza ya mama muuza unga, kibanda cha mshonaji, na wateja waliozoea kupita pale kila asubuhi. Hasara ya namna hiyo ni ngumu kuilipia fidia.

Mimi nauza vikwembe, yaani vitenge, na nguo za kushona, na duka langu limo ndani ya simu. Wateja wangu wako hapa mjini, Manika na Dilala, wengine Fungurume na Likasi, wengine Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 300. Hawaijui nyumba yangu. Wanaijua namba yangu. Nikihama leo, kesho wananipata. Ndiyo sababu mama mwenzangu akiniuliza atumie programu gani, kwanza namuuliza namba anayouzia imeandikishwa kwa jina la nani.

Naamini kwa moyo wote kwamba uchaguzi huanzia hapo. Programu ya kumfaa mwanamke mfanyabiashara ni ile inayomwonyesha makuta yake (fedha zake) yanakwenda wapi, na inayobaki mikononi mwake hata simu ikiibwa, umeme ukikatika, au kijana aliyemsaidia kuifungua akihamia mji mwingine.

Anza na kazi inayokusumbua

Biashara ndogo ya simu ina kazi nne: kuonyesha bidhaa, kupokea oda, kupokea malipo na kuandika hesabu. Wengi hukimbilia ile ya kwanza kwa kuwa inapendeza macho. Lakini anayesahau oda anahitaji kitu cha kupanga oda, na anayeuza sana huku mfuko ukibaki mtupu anahitaji hesabu. Chagua kazi moja, itafutie chombo, kizoee, ndipo uongeze kingine.

Kwa bidhaa na oda, karibu sote tuko WhatsApp tayari. Hatua rahisi ni kuhamia WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo hailipiwi. Ina katalogi, ambamo kila nguo hukaa na picha yake, bei yake na maelezo yake, wakati picha ya kwenye status hupotea baada ya saa 24. Ina majibu ya haraka: swali la "Mama, hii iko bei gani? Munafikisha mpaka Luilu?" hulijibu kwa kugusa mara moja. Ina pia lebo za kutenga mazungumzo: mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, aliyelipa, oda iliyokamilika. Lebo ya malipo yanayosubiriwa ndiyo ninayoifungua asubuhi kabla ya nyingine, kwa sababu madeni yote yamo humo.

Jambo moja wauzaji wengi hawaambiwi. Orodha ya kutuma tangazo kwa pamoja hupokea watu wasiozidi 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo unapomkabidhi mteja mzigo, mwombe aiandike namba yako papo hapo, mbele yako.

Kwa mabango na picha za bei, natumia Canva. Ilianzishwa Australia na Melanie Perkins na wenzake, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2013. Akiwa chuoni, dada huyu alifundisha wanafunzi wenzake programu za usanifu, akaona jinsi watu wanavyohangaika muda mrefu kabla hawajatengeneza kitu, akaazimia kuwarahisishia. Sehemu ya bure inatosha kwa duka dogo. Ila inataka intaneti, kwa hiyo tengeneza mabango ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja ukiwa na mega, yaani kifurushi cha intaneti. Na picha ya kikwembe iliyopigwa mlangoni kwa mwanga wa asubuhi, rangi ikionekana ilivyo, huleta mteja zaidi kuliko bango lililojaa maua.

Makuta yapite mlango wake

M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012, miaka mitano baada ya kuanza Kenya. Leo iko pamoja na Airtel Money na Orange Money, na inashika dola na faranga katika akaunti mbili tofauti. Hilo linatufaa, maana mteja wa hapa anaweza kukulipa dola leo na faranga kesho. Fungua akaunti katika mitandao miwili ambayo wateja wako wanaitumia zaidi. Usimlazimishe mtu kwenda kabini ya wakala kwa ajili yako.

Tenga namba ya biashara na namba ya nyumbani. Makuta ya chakula, ya shule na ya msiba yasitoke moja kwa moja kwenye akaunti ya duka. Jilipe kiasi maalumu, kihamie namba ya nyumbani, ndipo utumie. Mchango wa likelemba, yaani upatu, nao uandikwe kama matumizi yako, usichukuliwe kimyakimya kwenye mtaji. Na usimpe manseba wa pikipiki mzigo aupeleke kwa sababu tu umeona ujumbe kwamba umelipwa: matapeli hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa mtandao. Tazama salio lako mwenyewe kwanza.

Sheria imeshakuchorea daftari

Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012. Sheria yake ya biashara, iliyorekebishwa mwaka 2010, inamtambua mfanyabiashara mdogo anayeitwa kwa Kifaransa entreprenant. Huyu hutakiwa kutangaza shughuli yake na kuandika siku kwa siku makuta yametoka wapi na yamekwenda wapi, akitenga yaliyolipwa mkononi na yaliyolipwa kwa njia nyingine, na kulitunza daftari hilo miaka mitano. Ukiisoma vizuri, sheria hiyo inakuambia programu ya hesabu inapaswa kuwa na nini. Kama haitengi malipo ya mkononi na ya simu, haikufai, hata ikiwa na rangi nzuri.

Mimi natumia Google Sheets, jedwali la hesabu la bure. Safu zangu ni tarehe, mteja, nguo, bei, sarafu, kiwango cha dola siku hiyo, njia ya malipo, kilicholipwa na deni. Safu ya kiwango ni ya lazima kwetu. Mwaka 2023 dola moja ilipanda kutoka karibu faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,500. Aliyeuza kwa faranga kwa mkopo na kulipwa baada ya miezi alirudishiwa kiasi kilekile cha faranga, lakini hakikutosha kununua kikwembe kilekile.

Tuseme unauza vazi kamili la yadi sita, blauzi, sketi na kitambaa cha kujifunga, kwa dola 40. Kikwembe dola 18. Fundi 12. Uzi, zipu na kitambaa cha ndani 3. Manseba na gari la kwenda Lubumbashi 3. Mega na gharama ya kutoa makuta 1. Jumla 37, faida 3. Anayekumbuka bei ya kikwembe peke yake atadhani amepata 22, na akitumia 22 hizo nyumbani, atakuwa amekula mshahara wa fundi, uzi, usafiri na mega. Katika ukanda huu wa shaba wanawake huosha na kuchambua mawe kwa malipo madogo, na wengi hutafuta njia ya kutoka huko kupitia biashara. Wanastahili kuijua faida yao kwa hesabu kamili.

Jaribu programu bila umeme

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto Lualaba, karibu nasi, tangu miaka ya 1950. Mwaka 1982 ikakamilika laini ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi. Umeme huo ulivutwa kwa ajili ya migodi, na mitaa yetu bado hukaa gizani mara kwa mara, mtandao nao ukipotea. Basi kabla ya kuiamini programu yoyote, zima mega, kisha jaribu kuandika mauzo na kutafuta deni la mteja. Google Sheets hufanya hivyo ukiwa umeliwekea faili alama ya kutumika bila intaneti. Loyverse, programu ya kaunta ya duka, nayo hupokea mauzo bila mtandao na kuyapeleka mtandao ukirudi. Inamfaa mwenye bidhaa nyingi anayehitaji kujua zilizobaki. Na daftari la karatasi lisitupwe. Simu ikizimika andika humo, kisha hamishia kwenye jedwali ukipata chaji.

Namba, nywila na jina

Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inawataka mume na mke waelewane. Haki hiyo ilipiganiwa na akina mama waliotutangulia, na inaniuma kuona duka la mwanamke linaendeshwa kwa laini ya shemeji na barua pepe ya kijana wa kabini.

Nenda na karatasi yako ya kitambulisho, hata kadi ya mpiga kura, uandikishe laini kwa jina lako. Fungua akaunti ya Google ambayo nywila yake unaijua wewe, kwa sababu nakala ya mazungumzo ya WhatsApp huhifadhiwa humo ukiwa umeiwasha, na ndiyo itakayorudisha wateja wako simu ikiibwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Ukurasa wa Facebook uwe na wewe kama msimamizi mkuu, na anayekusaidia umpe nafasi unayoweza kuiondoa. Kumwonyesha mume hesabu ni jambo jema linalojenga nyumba. Namba ya siri ya duka inabaki kwa mwenye duka.

Uaminifu tunaowadai wateja wetu, nasi tunadaiwa na wao. Vipimo vya kiuno vya mama, anwani yake na picha yake akijaribu gauni ni siri zake. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya Machi 2023 inalinda habari za watu, lakini hata kabla ya sheria kuna heshima: omba ruhusa kabla ya kuitangaza picha ya mtu.

Tovuti isubiri

Utashawishiwa ufungue duka la tovuti. Shopify, kwa mfano, ni programu nzuri, lakini hulipiwa kila mwezi kwa kadi, na huduma yake yenyewe ya kupokea malipo haipo Kongo. Utakuwa unalipa dola kila mwezi huku wateja wakiendelea kukutumia M-Pesa kupitia WhatsApp. Ukipata wanunuzi wa kudumu walio Brussels au Johannesburg, na hesabu zako zikaonyesha kwamba faida yao inalipa gharama, fungua. Na kwa programu yoyote ya kulipia, uliza kwanza kama utaweza kutoa orodha yote ya wateja na mauzo siku ukiamua kuondoka. Isiyokuruhusu kutoka na vitu vyako, usiingie.

Tena, tusichague peke yetu. Akina mama wa likelemba hukutana tayari. Kabla ya kugawa makuta, kila mmoja aonyeshe kwenye simu yake programu anayoitumia: anaandikaje deni, anarudishaje nakala, imemla mega kiasi gani. Kikundi kikikubaliana juu ya chombo kimoja, anayekwama atapata jibu mtaani kwake, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu anayeuza kama yeye. Kwangu mimi, mwenzangu wa kuniketisha na kunifundisha ana thamani kuliko programu yenye mambo mia. Mkutano ujao wa kikundi chako, mama, njoo na simu yako ikiwa na chaji.