Kufundisha Namna ya Kuondoa Programu Zisizotakiwa katika Kompyuta

Wanafunzi wengi, na hata watu wazima wenye kompyuta nyumbani, hudhani kwamba wakiisha kufuta alama ya programu iliyoko kwenye skrini, programu yenyewe imeondoka. Dhana hiyo si sahihi, na ina madhara. Makusudi ya makala haya ni kumsaidia mwalimu kuisahihisha kwa somo la vipindi viwili.

1. Kuanzia na yanayojulikana
Mwalimu aanze kwa swali: "Mwenye duka akikiondoa kibao cha mlangoni, je, duka limefungwa?" Wanafunzi watakana; bidhaa bado zimo, na mwenyewe yumo. Hapo aeleze kwamba alama ile ni kibao tu. Programu yenyewe ni faili zilizohifadhiwa katika diski, maandishi katika rejista ya mfumo, na mara nyingi agizo la kuianzisha kila kompyuta iwashwapo.

2. Zinavyoingia
Baadhi huwekwa na mtengenezaji kabla kompyuta haijauzwa. Nyingine huambatana na programu za bure, mtumiaji akabonyeza kukubali pasipo kusoma. Nyingine hujishikiza kwenye kivinjari, zikabadili ukurasa wa kwanza na kuleta matangazo. Si zote zilizo virusi. Lakini hula nafasi, hupunguza kasi, na baadhi hupeleleza.

3. Hatua za kufuata katika mfumo wa Windows
(a) Faili muhimu zitolewe nakala kwanza.
(b) Ifunguliwe Mipangilio, kisha orodha ya programu zilizosakinishwa. Kila moja ichunguzwe jina, mtengenezaji na tarehe. Kutolijua jina si sababu ya kuifuta programu. Huenda ndiyo iendeshayo sauti au mashine ya kuchapia.
(c) Isiyotakiwa iondolewe kutoka katika orodha hiyo hiyo, na kila ujumbe usomwe kabla ya kubonyeza.
(d) Kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Kisha vikaguliwe viongezi vya kivinjari, pamoja na orodha ya programu zinazojianzisha.
(e) Mwisho, kompyuta ipekuliwe kwa kinga ya Microsoft Defender, ambayo huja pamoja na Windows 10 na 11.

4. Mfano wa kujadiliwa
Mwezi wa Februari 2015 ilibainika hatari ya Superfish, programu ya matangazo ambayo kampuni ya Lenovo iliiweka katika baadhi ya kompyuta mpakato ilizouza tangu 2014. Ili kupachika matangazo hata katika kurasa zilizolindwa kwa usimbaji, programu hiyo iliweka cheti chake miongoni mwa vile ambavyo kompyuta huviamini. Kuiondoa kwa njia ya kawaida hakukukiondoa cheti. Tena, ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote. Aliyeupata aliweza kuunda tovuti ya uongo, tuseme ya benki, na kompyuta ikaiamini. Baadaye Lenovo ilitoa programu maalumu ya kukiondoa, na Microsoft ikaiwezesha kinga yake kufanya hivyo.

Wanafunzi waulizwe: mpangaji akihama nyumba na kubaki na ufunguo, je, amehama kweli? Swali hili litawaonyesha kwa nini hatua (d) na (e) hazifai kurukwa.

5. Kupima maarifa
Wanafunzi wawili wawili wachore jedwali lenye safu tatu: jina la programu, kazi yake, na uamuzi pamoja na sababu. Alama zitolewe kwa sababu, wala si kwa wingi wa programu zilizoondolewa. Mwanafunzi aliyeandika "tuiache kwanza, hatujaijua kazi yake" amelielewa somo kuliko yule aliyefuta kumi kwa kubahatisha. Pasiondolewe kitu chochote kabla mwalimu hajalikagua jedwali.