Gari la kazi na la mbio: hesabu vipuri kabla ya mwendo

MNUNUZI wa asali aliyezoea soko la Tabora haridhiki kwa kuchungulia juu ya ndoo. Hutumbukiza kijiti mpaka chini, kwa sababu juu kila asali inang'aa. Soko la magari ya mwendo kasi yaliyokwisha kutumika linataka mnunuzi wa namna hiyo hiyo. Rangi, rimu pana na mlio wa ekzosi viko juu ya ndoo. Hasara, kama ipo, imelala chini.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia suala la mfanyabiashara wa Gongoni, au wa kata nyingine ya Manispaa ya Tabora, anayetaka gari moja lifanye kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa limfikishe dukani, benki na ghalani; na mara tatu au nne kwa mwaka limwingize kwenye mashindano ya madereva wa ridhaa. Jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, gari linalofaa si lile lenye nguvu kuliko yote, bali lile ambalo kipuri chake kinapatikana kesho asubuhi.

Sababu ya kwanza ni umbali. Mashindano ya magari nchini yamezoeleka katika mikoa kama Morogoro, Tanga, Arusha, Iringa na Pwani. Kutoka Tabora hadi Morogoro kwa kupitia Nzega, Singida na Dodoma ni zaidi ya kilomita 800. Anayekwenda na gari hilo hilo ana safari mbili ndefu juu ya mbio zenyewe. Misafara ya karne ya 19 kati ya Unyanyembe na Bagamoyo ilikuwa na hesabu hiyo: pembe iliyofika pwani ilikuwa na bei, iliyoachwa porini haikuwa na bei yoyote.

Historia ya mbio za eneo letu inathibitisha kwamba gari lililotumika si la kudharauliwa. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya mwingine, alimaliza wa nne kwa Subaru Impreza WRX ya Kundi N, yaani kundi la magari yanayokaribiana na yale yanayouzwa kwa wateja wa kawaida. Wote wawili walifika mwisho wakati magari mengi yenye nguvu zaidi yalibaki njiani.

Kodi inavyokuza bei

Mnunuzi ana njia mbili: kuagiza kutoka Japani, au kununua gari la mkononi ambalo limeshalipiwa kodi hapa nchini. Kabla ya kuchagua, afanye hesabu ya kodi kwa kalamu.

Tuchukue mfano wa gari ambalo thamani yake, pamoja na bima na usafiri hadi bandari ya Dar es Salaam, ni shilingi milioni 10. Kwa viwango vilivyozoeleka katika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaongeza milioni 2.5, na jumla inakuwa milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sisi 1,001 na 2,000 ni asilimia 5 ya jumla hiyo, yaani shilingi 625,000. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu, ambayo ni milioni 3.75. Juu ya yote hayo inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Jumla inafikia shilingi 19,912,500. Kwa maneno mengine, bei imekaribia kuwa maradufu kabla ya tozo ndogo ndogo, gharama za bandari na malipo ya wakala. Gari lenye thamani hiyo hiyo lakini lenye umri wa chini ya miaka minane lingefikia shilingi 15,487,500. Tofauti ni zaidi ya milioni 4.4, nayo imetokana na umri peke yake.

Aidha, TRA ina utaratibu wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, hivyo risiti ya muuzaji wa Japani si neno la mwisho. Bajeti ya kila Juni nayo inaweza kubadili viwango. Mnunuzi apige hesabu kwa kikokotoo cha TRA wiki ile ile anayotuma fedha.

Kuna jambo jingine linalopandisha bei huko huko minadani. Sheria za Marekani zinaruhusu kuingizwa kwa urahisi gari la kigeni lililofikisha miaka 25. Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution zote zilianza mwaka 1992, hivyo tangu 2017 Wamarekani wamekuwa wakiyagombania yale ya mwanzo. Toyota Altezza ya 1998 iliingia katika mkumbo huo mwaka 2023. Mwagizaji wa Tabora anashindana na mfuko wa dola, kisha anatozwa asilimia 30 ya uchakavu. Kwa magari haya ya zamani, soko la mkononi la hapa nchini ndilo lenye nafasi nzuri zaidi.

Makundi matatu sokoni

Kundi la kwanza ni magari yenye turbo na yanayovuta magurudumu yote manne, kama Impreza WRX na Lancer Evolution. Kwenye vumbi na kokoto hayana mpinzani katika bei yake. Gharama yake pia haina mpinzani. Injini ya WRX ya sisi 1,994 ina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa takribani kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Magari haya yalitengenezwa kwa petroli bora ya Japani yenye oktani ya juu kuliko ya vituo vyetu vya kawaida. Mwenye kuongeza msukumo wa turbo kwa petroli ya kawaida anaitafutia injini kifo. Vilevile, tairi zote nne lazima zilingane. Tabia ya kubadilisha tairi moja moja kadiri fedha inavyopatikana huua difu ya katikati.

Kundi la pili ni magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo mfano wake unaojulikana zaidi ni Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005. Ile ya RS200 yenye gia sita za mkono ni gari zuri la kujifunzia udereva. Lakini liko chini. Barabara kuu zetu zina matuta katika karibu kila kijiji, na mitaa ya Tabora ina mchanga. Anayelinunua asilishushe zaidi, na afunge kinga ya sampo kabla ya safari ya kwanza.

Kundi la tatu ni magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele: Toyota Vitz RS, Corolla RunX yenye injini ya nguvu, na Suzuki Swift Sport. Wenye kupenda kelele huyacheka, ilhali Japani, nyumbani kwake, yamefundisha madereva wengi. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2020 palikuwa na mashindano ya Vitz peke yake, ambayo magari yake yalikuwa na namba za barabarani. Dereva aliweza kwenda nalo uwanjani na kurudi nalo nyumbani.

Kwa mfanyabiashara wa Gongoni, Vitz RS ya sisi 1,500 ina hoja moja ambayo WRX haiwezi kuijibu. Injini yake ya 1NZ ni ya ukoo ule ule uliomo ndani ya IST na Probox. Fundi anaijua kwa kuzoea, na vipuri vyake vinauzwa mahali popote penye teksi. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming. Siku mwenyewe akihitaji fedha za biashara, gari hilo linapata mnunuzi haraka. WRX iliyobaki katika hali yake ya kiwandani inaweza kutunza thamani kwa muda mrefu, lakini wanunuzi wake ni wachache na fundi wake wa kuaminika huenda yuko mkoa mwingine. Mwenye kununua WRX kama akiba aelewe kwamba ameweka fedha mahali ambapo hazitoki kwa siku moja.

Kutumbukiza kijiti

Madalali hutaja bei kwa herufi ya namba: namba C, namba D, namba E. Herufi hiyo inaonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania, wala haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2001 linaweza kuwa na namba D. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi.

Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Magari ya mbio hubadilishwa injini mara nyingi, na injini isiyo kwenye kadi ni tatizo siku ya kuhamisha umiliki. Anayeagiza kutoka mnadani aombe karatasi ya mnada: alama ya R au RA ina maana gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali, na kilomita zilizoandikwa pale zilinganishwe na zilizo kwenye dashibodi.

Gari liwashwe likiwa limepoa kabisa. Muuzaji anayekupokea injini ikiwa tayari ya moto ana jambo. Pima kompresheni ya kila silinda. Kwenye Subaru, angalia chupa ya maji ya rejeta injini ikiwa imepata moto: mapovu yasiyoisha ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Pandisha gari juu uangalie chesisi kama imenyooshwa, shokomzoba kama zinavuja, na kama kuna alama za kuchomelea. Endesha ukibadili gia zote. Gia ya pili inayokwaruza inasimulia maisha ya gari kuliko mwenyewe.

Kanuni moja itoshe kwa anayeanza: nunua gari ambalo halijaguswa. Lililoongezwa nguvu na mwenye nalo wa kwanza limeshafanya mbio zake, na wewe unauziwa yaliyobaki.

Bima na usalama

Hapa ndipo wengi hupoteza mtaji wote. Mikataba ya bima ya magari kwa kawaida huondoa mashindano na majaribio ya mwendo, hata kwa mwenye bima kubwa. Gari likipinduka kwenye mbio, hasara ni ya mwenyewe. Kwa hiyo gari la mbio lisiwe dhamana ya mkopo, wala lisiwe gari pekee ambalo duka linalitegemea kusafirisha mzigo.

Mashindano yafanywe chini ya chama kinachotambulika na penye waokoaji. Barabara ya umma si uwanja. Kofia ngumu, mikanda na mtungi wa kuzimia moto vinunuliwe kabla ya rimu. Kizimba cha chuma ndani ya gari huokoa maisha ya aliyevaa kofia, lakini katika matumizi ya kila siku kichwa kisicho na kofia kinaweza kugonga chuma hicho hicho. Ndiyo maana anayetaka gari moja kwa kazi mbili aanze na mbio fupi za uwanjani ambazo kanuni zake hazidai kizimba, na asogee kwenye rally atakapokuwa na gari la pili.

Mgawanyo wa mfuko

Mwenye shilingi milioni 20 asinunue gari la milioni 20. Ukurasa huu unashauri mgawanyo ufuatao: milioni 12 kwa gari, milioni 3 kwa kuhamisha umiliki, oili, breki, mkanda na tairi, milioni 3 kwa vifaa vya usalama, ada na safari za mashindano, na milioni 2 zikae benki zikingoja kitakachovunjika, maana kitavunjika. Anayeona milioni 12 hazifikii gari analolitaka amepata jibu: gari hilo si la mfuko wake kwa sasa.

Kuhusu wakati wa kununua, Tabora ni mkoa wa tumbaku. Fedha za mauzo zinapoingia mjini, wauzaji hukaza bei. Mwenye fedha taslimu Januari, wakati wenzake wanalipa ada za shule na pembejeo zimeshawamaliza, ana nafasi nzuri zaidi ya kuzungumza. Aende na fundi wake mwenyewe, asiende na fundi wa muuzaji, na malipo yafanywe baada ya mkataba kuandikwa mbele ya wakili.

Kwa wasomaji wetu wanaoanza mwaka huu, chaguo la ukurasa huu ni gari dogo la gia za mkono, lisiloguswa, lenye injini inayofahamika na fundi wa mtaani. WRX itakuwapo mwakani kwa atakayekuwa ameshajua kuendesha, na ambaye mtaji wa duka lake bado uko rafuni.