Usingoje tumbo lionekane

JE, mama, umewahi kuchelewa kupata siku zako kwa wiki mbili hivi ukajiambia kuwa ni uchovu wa kazi tu? Asubuhi unapanda matatu na harufu ya dizeli inakutibua roho. Chai ya maziwa uliyoinywa tangu utotoni sasa huwezi hata kuitazama. Matiti yanauma yakiguswa na nguo. Hata hivyo hujamwambia mtu, na habari ya kliniki hujaifikiria. "Nitaenda tumbo likianza kuonekana," unajisemea.

Ikiwa ndivyo, hauko peke yako. Wanawake wengi humu nchini huenda kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne, mitano au hata zaidi. Wengine huogopa macho ya watu, kwa kuwa katika jamii zetu nyingi mimba changa haitangazwi. Wengine humhofia mwajiri, na wasichana walio vyuoni huwahofia wazazi. Aidha, wapo wanaoona ni kupoteza siku nzima kwenye foleni kwa ajili ya tumbo ambalo bado halipo.

Lakini ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuumbwa kwa mtoto hufanyika wakati huo huo ambapo wewe unangoja. Tumbo linapotokeza, moyo, ubongo, uti wa mgongo, mikono na miguu huwa tayari vimeshika mahali pake.

HESABU YA SIKU

Tuchukue kalenda tuhesabu pamoja. Tuseme hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi, na kwa kawaida unaipata kila baada ya siku 28. Wauguzi huanza kuhesabu mimba tangu siku hiyo ya kwanza ya hedhi, ingawa wakati huo hakuna mimba yoyote. Ndiyo maana husemwa kuwa mimba huchukua wiki 40.

Yai hutoka karibu na tarehe 15 Machi na kukutana na mbegu ya mume katika mrija wa uzazi. Kwa siku kadhaa yai hilo husafiri polepole huku likigawanyika. Kisha, kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi, hujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba. Baadhi ya wanawake huona matone machache ya damu wakati huo na kudhani ni hedhi iliyokuja mapema.

Tarehe 29 Machi ndiyo siku uliyotarajia hedhi. Haiji. Kufikia hapo mtoto ana wiki mbili tu tangu mimba itunge, na ni mdogo kuliko kichwa cha pini. Hata hivyo mwili wake umeanza kutoa homoni ambayo kipimo cha mkojo kutoka duka la dawa kinaweza kuitambua.

Sasa tazama yanayofuata. Karibu na tarehe 6 Aprili, moyo wake huanza kupiga. Kufikia tarehe 12 Aprili, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umejifunga kabisa, na vichipukizi vya mikono na miguu vimeanza kutokeza. Wakati huo mtoto ni kama punje ya ndengu. Nawe umechelewa wiki mbili tu, na pengine bado unasema ni uchovu wa kazi!

Mwishoni mwa Aprili anafika takriban sentimita moja na nusu, kama punje ya maharagwe. Karibu na tarehe 10 Mei, vidole vyake vimeachana, na viungo vyake vyote vikuu vimeanza kuumbika. Kufikia tarehe 24 Mei, wiki ya 12, ana urefu wa sentimita tano na kitu kutoka kichwani hadi makalioni. Anajipindua na kurusha miguu, ila ni mdogo mno kwako kumhisi.

Mama anayengoja hadi mwezi wa tano atafika kliniki Julai. Kwa hesabu hii, ule mfereji wa uti wa mgongo ulijifunga miezi mitatu iliyopita.

MBONA NINAJISIKIA HIVI?

Mabadiliko unayoyaona mwilini ni dalili kwamba kazi inaendelea. Homoni zinapopanda, matiti hujaa na kuuma, na chuchu huanza kuwa nyeusi zaidi. Usingizi hukushika hata mchana ukiwa kazini au darasani. Huo si uvivu. Mwili unaongeza damu na kujenga kondo la nyuma, ambalo ndilo litakalomlisha mtoto hadi azaliwe.

Kwenda haja ndogo mara kwa mara pia ni kawaida, kwani figo zinachuja damu nyingi kuliko zamani na mji wa mimba unakisukuma kibofu. Lakini ukisikia uchungu au kuchomeka unapokojoa, huo ni ugonjwa na unahitaji tiba.

Kichefuchefu huwapata wanawake wengi. Mara nyingi huanza karibu na wiki ya 6, huzidi karibu na ya 9, na huwaachilia wengi kati ya wiki ya 14 na ya 16. Jina la "ugonjwa wa asubuhi" linapotosha, kwani kinaweza kukushika hata saa mbili usiku. Jaribu kula kidogo kidogo mara nyingi, usikae na tumbo tupu, na uweke kipande cha mkate mkavu karibu na kitanda ukile kabla ya kuamka. Tangawizi huwasaidia baadhi. Lakini ukitapika hata maji na mkojo ukawa mweusi au haba, nenda hospitalini.

Kisha kuna ile hamu ya udongo. Akina mama wengi mijini hununua odowa sokoni na kuitafuna mchana kutwa. Mara nyingi hamu hii huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya sumu kama vile risasi. Ukiwa na hamu hiyo, mwambie muuguzi akupime damu. Usione aibu.

KINACHOHITAJIKA MAPEMA

Ipo vitamini moja ambayo haingoji, nayo ni asidi ya foliki. Inasaidia ule mfereji wa ubongo na uti wa mgongo ujifunge sawasawa. Ikipungua, hatari ya mtoto kuzaliwa uti wake ukiwa wazi huongezeka, na baadhi ya watoto hao hawatembei maisha yao yote. Kwa sababu mfereji hujifunga kabla mama wengi hawajajua wana mimba, wataalamu hushauri mwanamke anayepanga kuzaa ameze mikrogramu 400 kila siku kuanzia angalau mwezi mmoja kabla, na aendelee hadi wiki ya 12. Mwenye kisukari, mwenye kifafa, au aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo amwone daktari kwanza, kwani huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi.

Vitamini hii imo pia katika sukuma wiki, mchicha, maharagwe, ndengu na machungwa. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezewe vitamini na madini, asidi ya foliki ikiwemo. Hata hivyo, ukisaga mahindi yako mwenyewe katika kinu cha posho, usitegemee kuipata humo. Ukifika kliniki utapewa vidonge vya asidi ya foliki vilivyochanganywa na madini ya chuma. Usivimeze pamoja na chai, kwani chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Pombe na sigara ziache mara moja. Dawa nazo usinunue ovyo. Baadhi ya dawa za chunusi na za kifafa zinajulikana kuwadhuru watoto walio tumboni. Mwenye kifafa asiache dawa kwa ghafla, bali amwone daktari ili abadilishiwe. Ukishikwa na malaria, mwambie anayekutibu kwamba huenda una mimba. Usinyamaze pia ukitakiwa kupigwa eksirei.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama ahudhurie kliniki angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kwisha. Siku hiyo utapimwa presha, mkojo, wingi wa damu na kundi lake, kaswende na virusi vya ukimwi. Mama aliye na virusi akianza dawa mapema na kuzimeza bila kukosa, anaweza kuzaa mtoto asiye navyo.

DALILI ZA HATARI

Usimngoje mtu akuruhusu kwenda hospitalini ukiona damu ikitoka, au ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, maumivu begani, kizunguzungu au kuzirai. Huenda mimba imetunga nje ya mji wake. Mimba hiyo haiwezi kukua ikamfikisha mtoto, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa saa chache.

Wakati mwingine mimba huharibika. Hutokea kwa mimba moja hadi mbili katika kila kumi zinazojulikana, na mara nyingi sababu ni kasoro katika chembe za urithi tangu siku ya kwanza. Haiwi hivyo kwa sababu ya kijicho cha jirani, wala kwa kuwa uliinua mtungi wa maji. Wakwe wanaomlaumu mke kwa jambo hili humwongezea msiba juu ya msiba.

KUFICHA NI KWA WATU

Kama unaona vyema mimba ikae siri, basi iwe siri kwa majirani. Muuguzi ajue. Anayemhofia mwajiri akumbuke kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili na inakataza afutwe kazi kwa sababu ya mimba. Nawe msichana uliye shuleni, mwongozo wa serikali wa 2020 unakuruhusu urejee masomoni baada ya kujifungua. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie wiki hii, wala si mwezi ujao.

Na wewe baba, mkeo akisema chakula kinanuka au akalala saa moja jioni, usinung'unike. Osha vyombo, toa nauli, na ikiwezekana uketi naye kwenye ile foleni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mimba, wakati wa kuziba ufa ni wiki hizi za mwanzo, ambapo jirani bado hajaona kitu.